Nilivyombeba Bikira Maria hadi Runazi

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza kisimani, hata siku ya gulio mmenivuta kanga: "Devota, safari ilikuwaje?" Nami nimejibu "salama" nikaangalia chini. Mnanijua. Kusema mbele ya watu kunanishinda, na shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo naandika polepole kama mtu anayechambua maharage. Lakini ni haki yenu kujua, kwa kuwa Bikira ni wa jumuiya yote. Kwanza niwatoe wasiwasi: sanamu ni nzima, iko Runazi, na itarudishwa. Mengine ndiyo haya.

Kutoka Mugoma

Kwa wale ambao hamkuwepo siku ile ya jumuiya, chanzo ni dada yangu Gaudensia, aliyeolewa Runazi kule Biharamulo. Alijifungua mtoto wa kiume, na kabla mtoto hajaweza kukaa, homa ikamchukua. Tangu maziko Gaudensia hakulia. Alinyamaza tu. Shemeji Deo, mumewe, alimpigia simu mama yetu akasema: "Mama, mke wangu ananiponyoka huku namwona. Hali mpaka nimshikie kijiko. Wanajumuiya wakija kusali, anawafungia mlango. Ameniambia neno moja tu: msiniombee."

Mama yetu mguu wake hauwezi safari. Ndipo aliposimama mbele ya jumuiya akaomba sanamu ya Bikira Maria ipelekwe Runazi.

Utaratibu wetu mnaujua, ila nauandika kwa ajili ya watakaosoma mbali. Sanamu ile hupita nyumba kwa nyumba. Wiki ikiisha, mwanamke wa nyumba inayofuata anakuja kuichukua. Haitiwi katika mfuko, haiwekwi chini, na kwa ajili ya milima yetu inabebwa mgongoni kwa mbeleko, kama mtoto. Ukubwa wake nao ni wa mtoto, na uzito wake ni wa mtoto aliyeshiba. Lakini haijawahi kulala nje ya jumuiya.

"Na nani atampeleka?" aliuliza Mama Leokadia, mwenyekiti wetu.

"Devota," mama akasema.

Mtu mmoja nyuma, simtaji, akasema: "Devota huyu? Ambaye kuku akiingia jikoni anamwomba radhi?"

Watu walicheka mpaka watoto waliokuwa nje wakachungulia. Hata mimi nilicheka, ndani ya kanga. Mama hakucheka.

"Sikusema anakwenda kuhubiri," alisema. "Anakwenda kubeba. Gaudensia amekataa kumwendea Bikira, basi Bikira atamwendea yeye."

Mama Leokadia akatikisa kichwa kukubali.

Nilitoka alfajiri. Mama alinifunga mbeleko yeye mwenyewe, akavuta fundo mara mbili, akaniwekea viazi vitamu vya kuchemsha. Ukungu ulikuwa umejaa mabondeni, vilele tu ndivyo vilivyoonekana, na migomba ilidondosha umande bila upepo. Wanawake wetu niliokutana nao njiani walisimama, wakafanya ishara ya msalaba, wakapita. Nilipofika mbali kidogo, ambako hatujulikani, watu wakaanza kunisalimu kwa namna nyingine.

"Hongera, mama!"

Nilitaka kusema. Lakini mpaka nipate neno la kuanzia, aliyenisalimu alikuwa ameshaingia kwenye ukungu.

Ngara mjini hadi Benaco

Stendi ya Ngara, mzee mmoja muuza mahindi alinikemea: "Binti, mfunike mtoto kichwa! Huoni baridi hii?" Nikasema, "Shikamoo, babu." Akasema, "Marahaba, mfunike kwanza." Nikamfunika.

Habari za tiketi naziacha. Konda aliponiona tu alipaza sauti: "Mwenye mtoto mbele! Wewe kijana, inuka, mwenye mtoto akae!" Kijana akainuka akinung'unika. Nikakaa, nikamgeuza Bikira mbele, nikampakata, uso wake ndani ya kanga.

Aliyekaa karibu yangu alikuwa mama wa makamo mwenye ushungi wa rangi ya zambarau, na mzigo wa vitenge miguuni. Aliitwa Bi Zuhura. Ana duka Biharamulo, na alisema babu zake walikuja na biashara kutoka pwani wakasahau njia ya kurudi. Kiswahili chake kilikuwa laini, si kama chetu cha darasani. Mimi nilikuwa nasikiliza zaidi ule ulaini kuliko maneno yenyewe, na milima ilikuwa inapita dirishani, ya karibu kijani, ya mbali buluu, kama nguo zilizoanikwa moja nyuma ya nyingine.

"Jina lake nani, mwanangu?"

"Maria," nilisema. Na ni kweli.

"Mashallah. Miezi mingapi?"

Nikarekebisha kanga.

"Haya, wa kwanza huyo, hesabu bado inakuchanganya. Mbona halii?"

"Halii," nikasema.

"Bahati yako! Wangu walikuwa wakilia mpaka mbuzi wanajibu." Akanipa ndizi ya kuchoma na karanga. "Kula. Mama asiyekula hana maziwa."

Nilikula. Ilikuwa tamu sana ile ndizi, na kila nilipotafuna nilisema moyoni, sasa nitamwambia, sasa nitamwambia. Tulipofika Benaco, wauzaji waligonga vioo wakiinua mayai na miwa, malori ya Rwanda na Burundi yamepanga foleni, naye alikuwa tayari amemchagulia Maria wangu kitambaa cha gauni.

Tulipokwama kabla ya Nyakahura

Baada ya Benaco basi lilikohoa mara tatu likasimama mlimani. Dereva akaingia chini yake, miguu tu ikabaki nje. Abiria tukashuka, tukakaa kwenye majani. Hakukuwa na nyumba. Nyani walitoka porini wakakaa ng'ambo ya barabara, nao wakitutazama kama wanaosubiri basi lao.

Jua lilipanda. Sijui ulikuwa muda gani, maana mahali pale muda ulikuwa kama maji ya bwawa. Lori likipita, majani yanalala, yanainuka, kimya kinarudi. Nilikuwa nimemrudisha Bikira mgongoni, na bila kujua nilikuwa nayumba kushoto na kulia, kama wanavyofanya wenye watoto. Nilikuwa namwaza Gaudensia, aliyenibeba hivyo hivyo nilipokuwa mdogo. Nilikuwa najiuliza nitamwambia nini.

Bi Zuhura alikuwa ananitazama. Nilimwona anaacha kutafuna.

"Mwanangu," alisema, "tangu Ngara mtoto hajanyonya."

"Hanyonyi," nikasema.

"Hanyonyi vipi? Lete nimwone."

Kabla sijajibu, alipitisha mkono chini ya kanga akagusa kichwa. Uso wake ukageuka.

"Jamani! Jamani njooni! Mtoto wa baridi! Mtoto amekauka mgongoni kwa mama yake, na mwenyewe hajui!"

Wanawake wakainuka na vilio. Konda akaangusha spana. Dereva akatoka chini ya basi akiwa na oili usoni. Nilisema, "Si mtoto," lakini nani angesikia? Mama mmoja alikuwa ameshanikumbatia anasema nijikaze. Nikasema tena. Kisha nikapiga kelele, mimi, ambaye hamjawahi kunisikia:

"Ni Bikira Maria!"

Nikafungua mbeleko, nikamwinua juu ili wote wamwone. Joho lake la buluu liling'aa kwenye jua.

Wa kwanza kucheka alikuwa dereva. Kisha wote. Walicheka wakashikana mabega, mwingine akalala kwenye majani akipiga miguu, na nyani wakakimbia. "Na mimi nimempa siti ya mbele!" konda alisema akifuta machozi.

"Ulitaka akae wapi, kwenye buti na mbuzi?" dereva akamjibu.

Bi Zuhura peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa chini, mkono kifuani, anahema. "Bibi Maryamu," alisema taratibu. "Umenitia hofu, mwanangu, nusura nife. Unampeleka wapi?"

Hapo nikasema. Sijui nguvu ilitoka wapi, labda kwa sababu nilikuwa nimeshapiga kelele na jambo baya zaidi lilikuwa limepita. Niliwaambia habari za Gaudensia, mtoto, mlango uliofungwa, na lile neno, msiniombee. Kicheko kiliondoka pale kama ukungu unavyoondoka, bila mtu kuona kilikopita.

Kijana mmoja aliyevaa tai akasogea. "Mimi ni mlokole," alisema. "Mambo ya sanamu sitaki kabisa, nisikufiche. Dada yako anaitwa nani?"

"Gaudensia."

Akafumba macho, akaomba kwa sauti kubwa, pale pale kwenye majani, huku malori yakipita. Alimtaja Gaudensia kama mtu anayemjua. Alipomaliza watu wakasema amina, na Bi Zuhura akasema "amin" yake, na dereva akarudi chini ya basi. Nilimtazama yule kijana akipangusa magoti. Gaudensia alikuwa amekataa kuombewa, na hapa watu asiowajua walikuwa wamemwombea kabla hajaweza kufunga mlango.

Biharamulo, nyumbani kwa Bi Zuhura

Basi lilipopona jua lilikuwa linazama, na tulipofika Biharamulo gari za kwenda vijijini zilikuwa zimeondoka. Bi Zuhura hakuniuliza. Alishika mkono wangu kama anavyoshika mzigo wake wa vitenge, tukaenda.

Mlangoni alisimama. "Mwanangu, usinielewe vibaya. Sanamu siwezi kuiingiza chumbani ninamoswali. Lakini mgeni wako ni mgeni wangu." Akafungua duka lake lililo upande wa mbele, akasogeza vitenge kwenye rafu, akatandika kanga mpya, akaniambia nimweke pale. Bikira akasimama katikati ya vitambaa vya kila rangi, taa ndogo ikimwangaza. Nilifikiri, hata kanisani kwetu hajawahi kupambwa hivyo.

Tulikula chapati na maharage ya nazi, na chai ya tangawizi iliyonichoma kooni. Nazi ilinishangaza, sikuwahi kuila kwenye maharage, nikaomba tena. Baadaye Bi Zuhura akaniambia jambo.

"Mimi nimezika wawili. Basi nisikilize. Ukifika kwa dada yako, usimbebe mgongoni. Mchukue mikononi, wazi, aonekane tangu mbali ni nini. Mwanamke aliyezika akiona mtu anakuja na mtoto mgongoni, roho yake inaruka kabla macho hayajaona vizuri. Na ikianguka, huanguka vibaya."

Mama yangu, mimi, Mama Leokadia, jumuiya nzima, hakuna aliyefikiri hilo. Kwetu kubeba mgongoni ndiyo heshima.

"Na nikifika niseme nini, Bibi?"

"Waliokuja kwangu kusema walikuwa wengi, Mungu awalipe. Lakini ninayemkumbuka ni jirani aliyekuja akaosha vyombo. Hakusema kitu. Aliosha, akapanga, akakaa."

Asubuhi nilimsikia akiswali chumbani, sauti ya chini, nami nikasali yangu sebuleni. Sauti zetu mbili ndogo zilipita katika nyumba moja bila kugongana. Nilipotoka sikuwa na woga ule wa jana.

Runazi

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Bodaboda aliyenichukua alikuwa kijana mchangamfu, Bikira nimempakata mikononi, wazi, kama nilivyoagizwa. Tulikwenda vizuri, tukipita mahindi na mihogo na vibanda vya duka vyenye sabuni na chumvi, mpaka tukafika bondeni ambako barabara ilikuwa uji mtupu.

"Shuka, dada," alisema, kwa ulimi wa kwao unaogeuza l kuwa r. "Hapa ni kusukuma. Tope ritatumeza na pikipiki."

Kusukuma kunataka mikono miwili. Kumweka chini siwezi. Nikafanya kile ambacho mikono yangu inakijua: nikamweka mgongoni, nikafunga mbeleko, nikasukuma. Tulisukuma mpaka tope likafika magotini, pikipiki ikakataa kabisa kuwaka. Yule kijana akanionyesha njia ya mguu inayopanda katikati ya mashamba. "Kwa Deo? Pare penye bati jipya. Nenda tu, mimi nabaki na punda wangu."

Nikaenda. Na hapa ndipo siwezi kueleza vizuri. Jua lilikuwa limetoka, mvuke ukapanda kutoka kwenye matuta, na kila jani la muhogo lilikuwa na tone lake. Nilikuwa nimechoka uchovu ule mtamu. Mgongo wangu ulikuwa na joto, na uzito ule ulikuwa umekaa mahali pake, kama unaopumua. Kuna wakati sikujua kama nambeba au nabebwa. Nilikuwa nasali bila maneno, natembea, nasali, na maneno yote ya Bi Zuhura yakawa yamenitoka kabisa.

Nikainua macho. Mbele, kwenye shamba la mihogo, mwanamke alikuwa amesimama na jembe, amekonda, kitambaa kimelegea kichwani. Alikuwa ananitazama. Alikuwa anatazama mgongo wangu.

Nikakumbuka. Mikono ikaenda kwenye fundo, lakini mama yetu alinifundisha kufunga mara mbili, na fundo lilikuwa limelowa tope.

Gaudensia aliangusha jembe. Akatembea. Kisha akakimbia, akikanyaga matuta, akikanyaga mihogo yake mwenyewe. Hakunisalimu. Alinigeuza kwa nguvu, mikono yake ikaingia chini ya mbeleko, na nikasikia vidole vyake vinasimama.

"Dada," nilisema, "si..."

Alifungua lile fundo yeye. Akamtoa, akamtazama usoni. Niliganda nikisubiri kilio, au anitupie kile kitu na kunifukuza. Akaketi juu ya tuta, taratibu, Bikira mapajani, akapitisha kidole kwenye uso wake.

"Nani kamvunja pua?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa kavu kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Mama Leokadia," nilisema. "Aliteleza naye mtoni ulipokwisha kuolewa, akimbeba mikononi. Tangu siku hiyo ndiyo tunambeba mgongoni."

Akatikisa kichwa. Kisha akasema, bila kuniangalia: "Nilidhani umeniletea mwingine."

Na hapo akalia. Alilia ameinama juu ya ile sanamu, kilio kilichotoka chini sana, mpaka Shemeji Deo akaja mbio kutoka nyumbani na mwiko mkononi. Alipoona analia alisimama mbali, akafunika uso. Nami sikusema kitu. Nilikwenda nyumbani kwao, nikakuta vyombo, nikaosha.

Gaudensia alirudi na Shemeji, akanywa uji kidogo, kisha akalala kwenye kitanda cha pale pale sebuleni, akitazama ukuta. Hakugusa tena sanamu. Jioni niliiweka mezani, Shemeji akawasha mshumaa, tukapiga magoti. Ilikuwa Ijumaa, siku ya matendo ya uchungu.

Mnajua rozari yetu inavyokwenda. Anayeongoza anasema nusu ya sala, wengine wanajibu nusu iliyobaki. Niliongoza mimi, kwa sauti ndogo, Shemeji akajibu. Kila nilipofika "na Yesu mzao wa tumbo lako" ulimi uliniwia mzito, kwa sababu nilijua yuko nani pale ukutani anayesikia neno tumbo. Nilitaka kuliruka. Sikuliruka.

Tukaenda hivyo mpaka tendo la tano, Yesu anakufa msalabani. Nikasema nusu yangu, nikangoja. Shemeji alifungua mdomo, sauti haikutoka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikangoja. Ningeweza kujibu mwenyewe, lakini kwetu sauti moja haisali nusu zote mbili mahali penye watu, na pale palikuwa na watu. Mvua ikaanza kugonga bati, tone moja moja. Mshumaa uliinama ukainuka.

"Maria Mtakatifu," sauti ikasema kutoka ukutani, "Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya..."

Ikakatika hapo. Sikugeuka. Sikumsaidia neno lile, maana lilikuwa lake. Nilisikia kitanda kinalia, nyayo zinashuka sakafuni, goti moja linagusa chini karibu na langu, kisha la pili.

"...ya kufa kwetu," Gaudensia akamaliza. "Amina."

Nikavuta pumzi, nikaanza inayofuata.